Matairi ya Trela la Boti: Namna ya Kuyachagua na Kuyatunza

Mtu anayekagua tairi la gari huanza na meno yake, na akiyaona bado marefu huridhika. Kipimo hicho hakifai kwa trela la boti. Trela la aina hii huweza kukaa miezi kadhaa bila kusogea, kisha likavutwa kwa siku moja likiwa na mzigo unaokaribia mwisho wa uwezo wake, likaingizwa majini hadi magurudumu yazame, halafu likarudishwa kwenye maegesho yaleyale. Matairi yake hayapati nafasi ya kulika. Yanachoshwa na uzito, joto na uzee, na mara nyingi hupasuka yakiwa na meno yanayoonekana mapya kabisa. Anayetaka kuyachagua na kuyatunza vizuri hana budi kujizoeza kuangalia mambo mengine kabla ya meno: uzito yanaobeba, upepo uliomo ndani, na tarehe yalipotengenezwa.

Uzito kwanza

Wanunuzi wengi husoma vipimo vya tairi kuukuu, kisha huomba jingine kama hilo. Hakuna ubaya, iwapo tairi la kwanza lilichaguliwa sawasawa na iwapo tangu siku hiyo boti haijaongezewa kitu. Lakini si jambo geni trela kuuzwa likiwa na matairi yanayoutosha uzito ulioandikwa kwenye kibati chake bila akiba yoyote, na wenye boti nao huongeza betri ya pili, injini kubwa zaidi, nanga na mnyororo wake, mpaka ile hesabu ya mwanzo ikapoteza maana.

Njia ya uhakika ni kulipeleka trela kwenye mizani ya magari likiwa na boti, mafuta na vifaa vyote vinavyosafiri nalo. Pasipokuwa na mizani, piga hesabu kwa kalamu. Tuseme boti tupu ina kilo 900, injini kilo 180, betri mbili kilo 50, vifaa kilo 100, na trela lenyewe kilo 350. Tangi la lita 100 za petroli huongeza kilo 75 hivi, kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Jumla ni kilo 1,655, na kwa trela lenye ekseli moja kila tairi litabeba kilo 828 hivi. Kinachosahaulika mara nyingi ni maji yaliyobaki chini ya sakafu ya boti: lita 100 za maji ni kilo 100 kamili, na hakuna anayeziona.

Ni kweli kwamba sehemu ya uzito huo, aghalabu karibu na moja ya kumi, hubebwa na ndoano ya gari linalovuta. Hata hivyo nashauri isiondolewe kwenye hesabu ya matairi. Uzito haugawanyiki sawasawa kulia na kushoto. Betri na tangi huenda viko upande mmoja, na barabara yenyewe imeinama kuelekea pembeni ili maji yatiririke, kwa hiyo tairi la upande wa chini hubeba zaidi. Juu ya hapo ongeza akiba ya asilimia 15 au 20. Katika mfano wetu, asilimia 15 inatufikisha kwenye kilo 952 kwa kila tairi, na huo ndio uzito wa kutafuta dukani.

Mwenye trela la ekseli mbili asidanganyike kwa kugawanya kwa nne na kununua matairi yanayotosha hapo tu. Gurudumu moja linapopanda tuta, au tairi moja linapopasuka, jirani yake hubeba karibu mzigo wote wa upande ule. Isitoshe, trela la namna hiyo linapokata kona kali, matairi yake huburutwa kwa ubavu, mateso ambayo matairi ya ekseli moja huyajua kwa kiasi kidogo sana.

Kusoma ubavu wa tairi

Maandishi ya ubavuni yana karibu kila kitu anachohitaji mnunuzi. Chukua mfano wa ST205/75R14. Herufi ST huonyesha kwamba tairi limetengenezwa kwa ajili ya trela pekee. Mbavu zake ni ngumu zaidi kuliko za tairi la gari dogo, jambo linalopunguza kuyumba kwa mzigo. Namba 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na 14 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Herufi R ina maana kwamba tairi ni redio (kwa Kiingereza radial), yaani nyuzi zake zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Mahali hapo pakiwa na D, nyuzi zimekatizana kwa mshazari.

Katika matairi ya mfumo wa Marekani hufuata daraja la mzigo linaloonyeshwa kwa herufi. Kwa kawaida tairi la trela la daraja B hujazwa hadi psi 35 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo, pauni kwa inchi ya mraba), la C hadi psi 50, la D hadi psi 65, na la E hadi psi 80. Tairi lenye vipimo vilevile hubeba uzito mkubwa zaidi kadiri daraja linavyopanda, kwa sababu limejengwa kustahimili upepo mwingi zaidi. Matairi mengi huwa pia na namba ya uzito ikifuatwa na herufi ya mwendo: namba 100 ni kilo 800 kwa tairi moja, 107 ni kilo 975, na 108 ni kilo 1,000. Kwa trela letu linalohitaji kilo 952 kwa kila tairi, basi, tunatafuta namba 107 au zaidi. Herufi L inaruhusu mwendo wa kilomita 120 kwa saa na M kilomita 130. Tairi la ST lisilo na herufi ya mwendo lichukuliwe kuwa la kilomita 105 kwa saa, hata kama gari linalovuta lina nguvu za kwenda kasi maradufu.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata wauzaji. Kwenye tairi la mfumo wa Ulaya, herufi C inayofuata kipenyo cha ringi humaanisha tairi la magari madogo ya mizigo, na haihusiani na daraja C la Marekani. Kitakachokata mzizi wa fitina ni kilo na psi zilizoandikwa ubavuni, na hizo ndizo za kusoma kabla ya kulipa. Tairi hilo la gari la mizigo, likiwa na uwezo wa kutosha, linafaa kabisa kwa trela.

Tairi la gari dogo la abiria ni jambo jingine. Mbavu zake zimelainishwa ili waliomo ndani wasitikiswe, na ulaini huo huligeuza trela lenye boti ndefu kuwa kitu kinachocheza nyuma ya gari. Kanuni za Marekani hutaka uwezo wa tairi hilo ugawanywe kwa 1.10 linapofungwa kwenye trela, kwa hiyo lile lililoandikwa kilo 615 huhesabiwa kuwa la kilo 559 tu. Kwa boti ndogo yenye injini ndogo huenda likatosha. Kwa boti ya familia ni kuomba shida.

Kati ya redio na mshazari, mimi ningechagua redio kwa yeyote anayesafiri mbali, kwa sababu hutoa joto dogo na huvutwa kwa wepesi zaidi. Tairi la mshazari ni la bei nafuu, nalo linawatosha wale ambao safari yao yote ni kutoka bohari hadi ukingo wa maji. Lisiloruhusiwa ni kuchanganya aina hizo mbili kwenye ekseli moja.

Wenye matrela madogo wanapaswa pia kufikiria kipenyo cha gurudumu. Tairi la 4.80-8, yaani la upana wa inchi 4.80 kwenye ringi ya inchi 8, lenye kimo cha sentimita 42 hivi, hulazimika kuzunguka karibu mara 1,000 kwa dakika trela linapokwenda kilomita 80 kwa saa, ilhali tairi la inchi 14 tulilolitaja, lenye kimo cha sentimita 66, huzunguka mara 640 hivi. Mizunguko hiyo ya ziada hugeuka kuwa joto ndani ya tairi na ndani ya beringi. Kama nafasi chini ya madigadi inaruhusu gurudumu kubwa zaidi, kulibadilisha ni jambo la busara, mradi ibaki nafasi ya tairi kupanda na kushuka pamoja na springi, na mradi mwenye boti akubali kwamba boti iliyoinuliwa juu huhitaji kurudishwa nyuma zaidi majini kabla haijaelea.

Ringi na vali navyo vina mipaka. Ringi huwa na uwezo wake wa uzito na upepo, na mara nyingi umegongwa kwenye chuma chenyewe. Kufunga tairi la psi 80 juu ya ringi iliyotengenezwa kwa psi 50 ni hatari, hata kama vipimo vya inchi vinalingana. Vali ya kawaida ya mpira isitumiwe kwa upepo unaozidi psi 65. Juu ya hapo hutakiwa vali ya chuma inayofungwa kwa nati au ile ya mpira iliyotengenezwa mahususi kwa upepo mwingi. Kwa anayeshusha boti baharini, ringi ya chuma iliyochovywa zinki hudumu kuliko ile iliyopakwa rangi, kwa kuwa rangi ikishabanduka mahali pamoja, kutu hutambaa chini yake.

Jambo la mwisho la kusoma ni tarehe. Baada ya herufi DOT huja mfululizo wa herufi na namba, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mfululizo kamili huenda ukawa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo usomwe kabla fundi hajalifunga na kuuficha kwa ndani. Tairi lililokaa rafuni miaka mitatu linaitwa jipya kwa sababu halijatumika, lakini umri wake ulianza kuhesabiwa kiwandani, na mnunuzi ana haki ya kulikataa.

Upepo

Ukipata muda wa kufanya jambo moja tu kabla ya safari, pima upepo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja huzalisha joto ambalo hudhoofisha mshikamano wa mpira na nyuzi mpaka uso wa tairi ukabanduka. Dereva hapati onyo, kwa kuwa hayuko ndani ya trela: usukani haumwambii kitu, na mara nyingi anayegundua ni dereva wa gari la nyuma.

Kwa tairi la ST kanuni ya kawaida ni kulijaza hadi psi ya juu iliyoandikwa ubavuni, isipokuwa mtengenezaji wa trela ameelekeza vinginevyo. Kipimo hicho ni cha tairi lililopoa, maana yake lililosimama saa kadhaa bila kutembea na lisilopigwa na jua. Matairi ya upande wa jua husoma psi nyingi kuliko ya upande wa kivuli, na wengine huyapunguza ili yalingane. Asubuhi ya kesho yake hugundua kwamba walichopunguza kilihitajika. Vivyo hivyo upepo hupanda tairi linapopata moto njiani, na ongezeko hilo lilikwisha kuhesabiwa na waliolibuni. Kamwe usitoe upepo kwenye tairi la moto. Hali ya hewa nayo ina mchango wake: joto likishuka kwa nyuzi 6 za Selsiasi, tairi la psi 50 hupoteza psi moja na kidogo, hata kama halivuji popote.

Tumia kipimo chako mwenyewe, kilekile kila mara, na usitegemee macho wala teke. Tairi la redio lina tumbo hata likiwa na upepo kamili, na kwenye trela la ekseli mbili tairi lililoishiwa kabisa huweza kusimama wima kwa msaada wa jirani yake. Tairi likikutwa limetembea mwendo mrefu huku limepungukiwa kwa asilimia 20 au zaidi, lisijazwe tu na kurudishwa kazini. Livuliwe kwenye ringi na ndani yake pakaguliwe, kwani ubavu uliochubuka kwa ndani hauonekani kwa nje.

Kuingia na kutoka majini

Maji ya chumvi hayalidhuru sana tairi lenyewe. Yanayodhurika ni ringi, nati, vali, breki na beringi, na madhara hayo hulirudia tairi kwa njia ya mzunguko. Kutu ikikaa pale ambapo ukingo wa tairi hubana ringi, upepo huanza kuvuja polepole. Vali isiyo na kifuniko hupokea chumvi kwenye moyo wake. Na beringi iliyokauka grisi huweza kupata moto kiasi cha kuunguza habu, yaani kitovu cha gurudumu, na hata kuling'oa gurudumu zima.

Beringi ndiyo inayohitaji subira. Trela likifika ukingoni baada ya safari ndefu, habu zake zina moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Zikitumbukizwa hapo hapo, hewa hiyo hupoa ghafla na kusinyaa, na maji huvutwa ndani kupita sili ambayo pengine imeshachakaa. Lipe trela muda wa kupoa wakati wa kufungua kamba na kupanga vifaa. Gusa habu kwa mgongo wa mkono, na ukiona ni ya uvuguvugu tu, shusha. Habu zenye kifuniko cha springi kinachosukuma grisi husaidia, ila haziondoi haja ya kufungua, kusafisha na kupaka grisi mpya ya majini angalau mara moja kwa mwaka. Grisi iliyogeuka rangi kama maziwa imeshaingiwa na maji.

Baada ya kutoka baharini, suuza magurudumu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, ukianzia na breki na nyuma ya ringi ambako mchanga hujificha. Ukiona rangi imebanduka, piga msasa na upake upya mapema.

Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kurukia upande wa pili kila mara badala ya kufuata duara, na kwa kiasi kilichoelekezwa na mtengenezaji wa trela au ringi. Gurudumu lililofungwa upya likaguliwe tena baada ya kilomita 80 hivi, kwa sababu ringi hujikalisha na nati hulegea, hasa ringi za alumini. Wapo wanaopaka grisi kwenye boliti ili zisishike kutu. Kabla ya kufanya hivyo soma maelekezo, kwani boliti yenye grisi hukazika kupita kiasi kwa nguvu ileile ya spana na huweza kukatika.

Miezi ya kukaa

Mpira wa tairi huchanganywa na nta na kemikali zinazoukinga dhidi ya ozoni, na kinga hiyo hupanda hadi juu ya mpira kadiri tairi linavyojikunja na kujinyoosha barabarani. Tairi lililosimama halijikunji, kwa hiyo ngozi yake hukosa kinga hiyo huku jua likiendelea kuipiga. Ndiyo sababu nyufa nyembamba huonekana kwanza kwenye matairi ya trela, ilhali ya gari lililonunuliwa siku moja nalo bado ni mazima.

Likibaki nje, funika matairi kwa kitambaa kizito au turubai lisilopitisha mwanga. Tanguliza ubao chini ya kila tairi ili lisikae juu ya udongo wenye unyevu au lami yenye mafuta. Kama litakaa miezi mingi, liinue kwa jeki na ulikalishe juu ya vigingi imara vilivyo chini ya fremu, mpaka matairi yasibebe uzito. Kama haiwezekani, yajaze upepo kamili na ulisogeze trela mara kwa mara ili sehemu moja isilemewe. Dawa za kung'arisha matairi zenye mafuta ya petroli ziachwe kabisa. Zinaondoa ile nta inayohitajika, kisha zinaacha mng'ao unaoficha nyufa. Sabuni ya kawaida na maji vinatosha.

Ukaguzi wa njiani na wakati wa kubadilisha

Katika safari ndefu simama baada ya kilomita chache za mwanzo, kisha kila unapopumzika, na upitishe mkono karibu na kila tairi na kila habu. Kinachotafutwa ni tofauti. Tairi moja likiwa na moto kuliko mengine, lina upepo pungufu au limezidiwa mzigo. Habu moja ikiwa na moto, beringi au breki yake ina kasoro. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na vifaa vinavyotuma taarifa za upepo kwa dereva vina thamani kubwa kwenye trela kuliko kwenye gari, kwa sababu ileile kwamba dereva hahisi kinachotokea nyuma yake.

Tairi linapolika, namna lilivyolika hueleza chanzo. Likilika katikati, upepo umezidi kwa mzigo uliopo; likilika kingo zote mbili, upepo umepungua; likilika ukingo mmoja, ekseli imepinda au haikukaa sawa; likiwa na mabonde mabonde, tafuta beringi iliyolegea au gurudumu lisilobalansiwa. Kubadilisha tairi bila kurekebisha chanzo ni kulipeleka jipya kwenye kifo kilekile.

Uvimbe wowote ubavuni ni amri ya kuliondoa tairi siku hiyohiyo. Nyufa zinazoonyesha nyuzi ni vivyo hivyo. Meno yakifika milimita 1.6 tairi limekwisha, lakini kwenye trela la boti umri huwahi kabla ya hapo: baada ya mwaka wa tano lianze kutiliwa shaka, na mimi singelivuta mbali likiwa limepita miaka sita, hata lingekuwa linang'aa. Yabadilishwe mawili mawili kwa kila ekseli, yakiwa ya aina na daraja moja.

Tairi la akiba huzeeka kwa kasi ileile, pengine zaidi, kwa kuwa hufungwa mbele ya trela juani na hakuna anayelipima upepo. Tarehe yake isomwe pamoja na za wenzake. Kabla ya safari, jaribu nyumbani kama jeki ya gari inafika chini ya ekseli ya trela lililobeba boti na tairi lisilo na upepo, na kama spana ya gari inaingia kwenye nati za trela. Mara nyingi haviingiliani, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa karibu na sanduku lako la vifaa.